Umeme wa shangazi: safari ndefu ya kumpata bingwa wa mapigo ya moyo

Shangazi yangu alianguka mara ya kwanza akipepeta mahindi uani. Mara ya pili aliangukia njiani akirudi gulioni Nyamwaga. Mara ya tatu ilikuwa msibani, mbele ya ukoo mzima, na hiyo ndiyo iliyomharibia jina: tangu siku ile kijiji kikajua ana kifafa. Kituo kimoja cha tiba, nisichokitaja, kikamwandikia dawa za kifafa, akazimeza karibu miaka miwili. Zilimlewesha, akawa anasinzia mchana kutwa, na kuanguka akaendelea kuanguka. Akakatazwa kukaa jirani na moto. Akakatazwa kupakata vichanga. Kwa mwanamke aliyelea nusu ya watoto wa kitongoji, hilo la pili lilimuuma kuliko dawa.

Aliyegundua tatizo hakuwa bingwa. Alikuwa tabibu kijana wa zahanati, mgeni ambaye hata njia za mkato za kijiji alikuwa hajazijua, na shangazi alimwendea kwa kikohozi tu. Kijana akamshika kifundo cha mkono, akaweka simu yake mezani, akahesabu mapigo dakika nzima. Akanyamaza. Akahesabu tena. Mapigo 36. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika.

"Mama, umewahi kupimwa umeme wa moyo?"

"Mwanangu, umeme wa REA wenyewe umefika kwetu juzi. Huo wa moyoni nimeutoa wapi?"

Kwetu Tarime, mkoani Mara, jibu hilo limekuwa kichekesho cha familia, lakini swali lenyewe si la kuchekwa. Moyo unajizalishia umeme. Juu, kwenye chumba cha upande wa kulia, kuna fundo dogo la chembe linalotoa mshtuko, mshtuko ule ukashuka hadi kituo cha katikati, kisha ukasambaa kwenye vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Kituo hicho cha katikati kilielezwa na Mjapani, Sunao Tawara, mwaka 1906 akiwa Ujerumani. Mtu anayeijua Tanesco hahitaji mhadhara hapa: laini ikikatika katikati, vyumba vya chini huwasha jenereta yao ya dharura. Jenereta hiyo ni dhaifu, hutoa mapigo 30 hadi 40, na kuna nyakati hukohoa ikazima kwa sekunde kadhaa. Ubongo ukikosa damu mtu anadondoka, na viungo vyake vinaweza kurukaruka. Aliyesimama pembeni anaona kifafa.

Kuna alama ya kuwatofautisha, ingawa si ya uhakika kila mara. Aliyepatwa na kifafa mara nyingi huzinduka akiwa amechanganyikiwa, na huchukua muda kujua yuko wapi. Aliyeangushwa na moyo hugeuka rangi, kisha damu ikirudi kichwani anaamka papo hapo na akili zake timamu. Pale msibani shangazi alifumbua macho akauliza nani kachukua kanga yake. Tulikuwepo zaidi ya watu mia na hakuna aliyejiuliza kwa nini mwenye kifafa anakumbuka kanga.

Alisafirishwa hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Tarime, akawekewa betri ya moyo. Alikaa wodini siku chache, akarudi nyumbani, na hajaanguka tena. Ningeweza kuishia hapa, kama habari njema za kurasa za afya zinavyoishia. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza jambo moja: yule aliyemwekea betri alitoka wapi, na wa pili yake anatoka wapi?

Tufanye hesabu ya mtoto wa Mugumu, wilaya jirani ya Serengeti, anayemaliza kidato cha sita mwaka huu na kuchaguliwa udaktari. Shahada ya kwanza miaka mitano. Mwaka mmoja wa udaktari tarajali. Ubingwa wa magonjwa ya ndani, tuseme katika hospitali ya Muhimbili au ya Bugando, Mwanza, miaka mitatu. Ubingwa bobezi wa moyo, miwili au mitatu. Hapo ndipo anaruhusiwa kuanza kilele chenyewe, mafunzo ya mfumo wa umeme wa moyo, ambayo madaktari wenyewe huyaita feloshipu: mwaka mmoja hadi miwili akiwa chini ya mwalimu. Jumla ni miaka 12 hadi 14, na sijahesabu miaka ya kusubiri ajira, kutafuta ufadhili na kulea watoto. Betri ya moyo hudumu miaka kumi hivi. Kwa maneno mengine, betri iliyowekwa leo kifuani mwa mtu wa Tarime itakwisha kabla mwanafunzi anayeingia chuoni leo hajaruhusiwa kuibadilisha.

Kinachochukua muda wote huo si vitabu. Vitabu vinasomeka. Kazi iko mkononi.

Kuweka betri ndiyo sehemu nyepesi, na bado si nyepesi. Mgonjwa anakuwa macho, amechomwa ganzi chini ya mtulinga. Daktari amevaa aproni yenye madini ya risasi ya kumkinga na eksirei, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja aliyembeba mchana kutwa. Anachana ngozi sentimita chache, anautafuta mshipa kwa sindano, anaingiza waya na kuusindikiza kwa macho kwenye skrini hadi ndani ya chumba cha chini cha moyo. Ncha ya waya ina skrubu ndogo ya kuing'ang'aniza kwenye ukuta. Sindano ikikosea njia kidogo inatoboa pafu. Waya usiposhikwa vizuri unachomoka baada ya siku mbili, mgonjwa akiwa kwenye basi anarudi kwao. Usafi ukilegea, mfuko wa betri unaoza na mtambo wote lazima utolewe. Haya hayafundishwi kwa mchoro ubaoni. Felo husimama upande wa pili wa kitanda, akitazama, kisha akishona tu, kisha akiingiza waya huku mkono wa mwalimu uko juu ya mkono wake, mpaka siku mwalimu anaporudi nyuma hatua moja na kukunja mikono.

Sehemu ngumu ni ile ya mapigo yanayokwenda mbio. Hapa waya kadhaa hupitishwa kwenye mshipa wa kinenani hadi moyoni, halafu daktari anafanya jambo ambalo nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani natajiwa kinyume: anauchokoza ugonjwa kwa makusudi. Anaupiga moyo vishtuko vidogo hadi mbio zile zianze palepale mezani, ili apate kujua umeme unazunguka njia gani. Mitambo ya kisasa huchora ramani ya rangi ya moyo mzima. Akipata njia haramu anaiunguza kwa joto la ncha ya waya, sehemu ndogo kuliko punje ya dengu. Wengi hupona moja kwa moja na kuacha dawa. Ila njia haramu nyingine hupita milimita chache tu kutoka kituo kile cha Tawara. Akiunguza hapo kwa bahati mbaya, mgonjwa aliyeingia na moyo wa mbio anatoka na moyo uliokatika laini, na sasa anahitaji betri maisha yake yote. Ndiyo maana Marekani daktari aliyekwisha kuwa bingwa wa moyo kwa miaka mitatu hurudishwa tena mafunzoni miaka miwili kwa ajili ya kazi hii.

Afrika Mashariki walimu hawa wanahesabika. Nairobi, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ina Dkt. Mohamed Jeilan, ambaye jina lake linatajwa kila mara inapozungumzwa tiba hii Kenya. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyojitegemea kutoka Muhimbili mwaka 2015 chini ya Profesa Mohamed Janabi, na ambayo katika miaka ya karibuni ilipata mtambo wa Carto wa kuchora ramani ya umeme wa moyo. Kusini zaidi, Groote Schuur ya Cape Town, hospitali ile ile alikopandikiza moyo Christiaan Barnard mwaka 1967, imekuwa ikipokea madaktari wa nchi nyingine za Afrika kwa mafunzo ya miezi kadhaa ya kuweka betri, kwa ushirikiano na jumuiya ya wataalamu wa moyo ya Afrika, PASCAR. Napenda mtindo huo wa Cape Town kuliko wa kumpeleka kijana Ulaya. Anajifunzia kwa wagonjwa wanaofanana na wa kwao, waliochelewa kama wa kwao, na kwa vifaa ambavyo hospitali ya umma inaweza kuvinunua.

Tanzania yenyewe ina somo la zamani kidogo kuhusu kufundisha, na halikutoka Dar es Salaam. Mwaka 2006 daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alifika Haydom, wilayani Mbulu. Aligundua mapema kwamba akipasua yeye, siku atakayoondoka kazi itaondoka naye. Akaanza kumfundisha Emmanuel Mayegga, tabibu wa palepale, ambaye wala hakuwa na shahada ya udaktari. Wakubwa wengi wa fani waliguna. Mayegga akajifunza. Kutokana na jaribio hilo likazaliwa shirika la Madaktari Africa, ambalo baadaye lilileta pia wataalamu wa moyo kufundisha Dar es Salaam. Tangu nisome habari hizo, kila ninaposikia kambi ya mabingwa kutoka ng'ambo imetibu wagonjwa kadhaa kwa wiki moja, nauliza ni Mtanzania gani alikuwa ameshika waya, maana picha za magazetini hazionyeshi mikono.

PASCAR ilikusanya takwimu za mwaka 2011 hadi 2016 kutoka nchi 31 za Afrika. Kwa nchi ya katikati ya orodha, betri za moyo zilizowekwa kwa mwaka hazikufika tatu kwa kila watu milioni moja. Ulaya ni kiasi cha mara 200 ya hapo. Nikauweka mkoa wetu kwenye mizani hiyo kwa kalamu na karatasi: sensa ya 2022 iliukuta Mara una watu zaidi ya milioni 2.3. Kwa kipimo cha Ulaya, mkoa ungehitaji zaidi ya betri 1,000 kila mwaka. Kwa kipimo cha Afrika, sita. Wazee wetu ni wachache kuliko wa Ulaya kwa uwiano, kwa hiyo 1,000 ni nyingi mno. Lakini kati ya sita na elfu kuna watu wengi wanaomeza dawa za kifafa.

Na hapa ndipo hesabu ya feloshipu inaporudi kijijini, jambo ambalo mipango mingi ya ufadhili hailioni. Mkono wa felo unajengwa na wagonjwa. Akipata watatu kwa mwezi, atahitimu akiwa na cheti na woga. Akirudi nchini akakaa miezi bila waya wala betri stoo, mkono unapoa, na baada ya muda anakuwa daktari wa kawaida wa kliniki ya presha. Wagonjwa wa kumfundishia wapo, tena wengi, ila wamekaa Nyamongo, Sirari, Natta na Machochwe bila kujulikana. Hawafiki Dar es Salaam kwa kuwa hawafiki Bugando. Hawafiki Bugando kwa kuwa hawakufika Musoma. Na hawakufika Musoma kwa kuwa siku walipoanguka hakuna aliyehesabu. Yule tabibu wa zahanati, kwa dakika yake moja, alimfanyia shangazi uchunguzi na wakati huohuo akampa felo fulani wa Dar es Salaam mgonjwa wa kujifunzia. Sijui kama aliwahi kuambiwa hivyo.

Kama ningepewa mimi fedha za kumsomesha bingwa mmoja wa umeme wa moyo kwa ajili ya kanda yetu, ningetenga kidogo kwa ajili ya mashine za ECG, zile za kupima umeme wa moyo, za Tarime na Mugumu, na watu wa kuzisoma. Mashine yenyewe siku hizi inaingia kwenye mkoba. Vibandiko kumi, sita kifuani na vinne mikononi na miguuni, na karatasi yenye visanduku vyekundu inayotoka milimita 25 kwa sekunde. Mwenye mazoea huhesabu visanduku vikubwa kati ya pigo na pigo, akagawa 300 kwa idadi hiyo, akapata mapigo ya dakika. Visanduku vitano ni 60. Karatasi ya shangazi ilikuwa na zaidi ya vinane, na vilima vidogo vya vyumba vya juu vilikuwa vikijiendea zao bila kujali vya chini. Niliiona, tena kwa shida, kwa sababu karatasi zile huandikwa kwa joto na jua la Mara halizihurumii. Ilikuwa imefifia ndani ya bahasha kama risiti ya benki. Kilichomwokoa ni kwamba muuguzi aliipiga picha siku ile ile na kuituma WhatsApp. Picha ndiyo iliyosafiri hadi kwa bingwa. Karatasi ilikuja baadaye, nyeupe.

Bingwa mmoja aliye tayari kujibu picha hizo jioni anahudumia wilaya nyingi kuliko anayekwenda kila wilaya kwa gari. Huo nao ni ufundi wa kufundishwa, na uandikwe kwenye mtaala wa feloshipu: namna ya kumjibu tabibu wa mbali kwa sentensi mbili, bila kumdharau.

Kuna pia mambo ambayo tabibu anaweza kuyamaliza palepale akifundishwa mara moja. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio la wagonjwa 428 waliofika hospitalini moyo ukienda mbio za ghafla. Nusu yao walifanyishwa zoezi la zamani la kujikaza pumzi. Nusu nyingine walijikaza vivyo hivyo kwa sekunde 15, kisha wakalazwa chali haraka na miguu kuinuliwa sekunde 15 nyingine. Zoezi la zamani lilituliza moyo wa asilimia 17. Hilo la kuinua miguu, asilimia 43. Gharama yake ni bomba la sindano la mililita 10 la kupuliza na mtu wa kushika miguu. Halikuhitaji umeme wa REA wala wa Tanesco.

Upande wa Serengeti tatizo lina sura nyingine. Mapigo yanayovurugika kabisa, yasiyo na mpangilio, Ulaya ni ugonjwa wa wazee. Huku kwetu humkuta hata msichana wa miaka 25 ambaye utotoni aliugua mafindofindo mara kwa mara, valvu za moyo zikaharibika polepole bila mtu kujua. Damu huganda kwenye moyo unaotetemeka, bonge likapanda kichwani, na binti anaamka upande mmoja umepooza. Kinga yake ni warfarini, dawa ya zamani inayotaka damu ipimwe mara kwa mara. Wengi tulitumaini dawa mpya zisizohitaji vipimo zingewatoa watu wa vijijini kwenye usumbufu huo. Mwaka 2022 jaribio la INVICTUS, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24, likaonyesha kwamba kwa wenye moyo ulioharibiwa hivyo warfarini bado ni bora. Basi maabara ya wilaya ndiyo inayoamua. Mtu wa Machochwe hawezi kwenda Mwanza kila wiki mbili kupima damu, na akijaribu, ng'ombe wataisha zizini kabla ya dawa.

Betri ya kwanza kabisa kuwekwa ndani ya mwili wa mtu ilikuwa ya Msweden, Arne Larsson, tarehe 8 Oktoba 1958. Alikuwa akizimia mara nyingi kwa siku, na mkewe Else-Marie ndiye aliyewasumbua daktari Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist hadi wakakubali. Elmqvist alimiminia gundi juu ya vifaa vyake ndani ya mkebe wa dawa ya viatu ya Kiwi, ule ule unaouzwa kila duka la Tarime. Kifaa kilikufa baada ya saa chache. Wakaweka kingine. Larsson alikuja kubadilishiwa betri zaidi ya 20 na akafa mwaka 2001, akiwa na miaka 86, kwa saratani. Nilimsimulia shangazi kisa hiki, naye kilichomvutia ni Else-Marie tu. Alitaka kujua alikuwa na watoto wangapi.

Shangazi sasa ana kadi ndogo yenye aina ya betri na tarehe iliyowekwa, anaihifadhi ndani ya Biblia pamoja na risiti za mbolea. Aliuliza kama betri huchajiwa usiku kama simu. Aliambiwa haichajiwi, ila simu isikae karibu nayo, sentimita 15 hivi ziwe katikati. Hilo lilikuwa pigo, kwani betri iko kushoto na kushoto, ndani ya sidiria, ndiko alikozoea kuweka simu. Ilibidi ahamie kulia, na hela zikahamia kushoto. Kwa mwezi mzima alikuwa akitafuta nauli upande wa simu.

Desemba iliyopita tulikuwa tena msibani, kijiji cha jirani. Kijana mmoja mwenye kubeba mikungu ya ndizi akadondoka karibu na turubai. Watu wakakimbia wakipiga kelele kuwa ana kifafa, mmoja akaenda kutafuta kijiko cha kumtia mdomoni. Shangazi aliinuka kwenye mkeka, akawapangua wanaume kwa viwiko, akapiga goti. Akashika kifundo cha mkono wa kijana. Akatoa simu upande wa kulia, akainyoosha mbali na kifua chake kama alivyofundishwa.

"Nyamazeni," akasema. "Nahesabu."